Uchambuzi: Vioo Vitatu vya Mlango wa Toyota IST, na Kosa Linalobaki Ndani ya Mlango

Ndugu watazamaji, karibuni. Juu ya meza hii nimelaza vipande vitatu ambavyo mtu akivitazama kwa mbali hataona tofauti yoyote. Cha kwanza ni kioo kilichotumika, kilichotolewa kwenye gari lililoletwa kutoka Japani. Cha pili ni kioo kipya kilichotengenezwa China. Na cha tatu si kioo hata kidogo, bali ni plastiki ngumu ya akriliki iliyokatwa kwa msumeno kufuata umbo la kioo. Vyote vitatu niliuziwa kama kioo cha mlango wa mbele wa kushoto wa Toyota IST ya toleo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, gari ambalo hapa Dar es Salaam huwezi kukaa kwenye foleni dakika tano bila kuliona. Nimevipima vyote, na viwili kati yake nimevifunga kwenye gari langu mwenyewe, kwa hiyo ninayowaeleza leo ni mambo niliyoyagusa kwa mikono yangu.

Kioo changu kilivunjwa na jiwe dogo lililorushwa na mashine ya kufyekea nyasi kando ya barabara. Mdogo wangu alikuwa amekaa upande huo, na kwa mshindo mmoja alimwagikiwa na mamia ya chembe za kioo kifuani na mapajani, lakini alitoka na mikwaruzo miwili tu mkononi. Jambo hilo halikuwa bahati. Kioo cha mlango hupashwa joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa ya baridi kwa ghafla, hivyo uso wake hutangulia kuwa mgumu. Sehemu ya kati inapopoa baadaye na kutaka kusinyaa, huuvuta uso ule kwa ndani na kuuacha umebanwa kwa nguvu kubwa. Kioo cha namna hiyo huhimili kishindo kuliko kioo cha dirisha la nyumba, na siku kinaposhindwa, nguvu ile iliyofungwa ndani yake huachiwa yote kwa pamoja, nacho husambaratika kuwa vipande vidogo visivyo na ncha ndefu za kuchoma. Kioo kikubwa cha mbele ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa chenyewe ni tabaka mbili za kioo zilizogandishwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana hupasuka bila kumwagika.

Nimeanza na maelezo haya kwa sababu ndiyo yanayotoa hukumu juu ya kila kitu kilichopo mezani. Kioo kikishapikwa namna ile hakikatwi tena wala hakitobolewi. Ukikigusa kwa chombo cha kukatia, kinamwagika chote. Basi fundi yeyote atakayewaambia kwamba atawakatia kioo cha mlango hapo hapo kibandani, ama atawakatia kioo cha dirisha la nyumba, ambacho kikivunjika hutoa mapande marefu kama visu, ama atawakatia plastiki.

Kabla sijaingia sokoni, niseme neno moja kuhusu lugha, kwa maana lilinigharimu safari nzima. Kwetu sisi kioo ni kile cha dirishani na kioo pia ni kile cha kujitazamia, kwa hiyo nilipopiga simu dukani nikaomba kioo cha pembeni cha IST, niliandaliwa kile cha kuangalizia magari yanayokuja nyuma. Semeni kioo cha mlango, tajeni mlango gani, na tajeni namba ya chesisi, kwa kuwa IST za toleo la kwanza ni NCP60, NCP61 na NCP65, wakati zile za toleo la pili, kama NCP110, zina milango ya umbo tofauti na vioo vyake haviingiliani na hivi.

Nilizunguka maduka ya vipuri ya Gerezani na Ilala kwa siku mbili. Kile kilichotumika nilikipata kwa shilingi 55,000, kipya cha China kwa shilingi 70,000, na akriliki nilitajiwa shilingi 30,000 pamoja na ufundi. Hizo ni bei nilizokutana nazo mimi, na kila duka lina yake. Muuzaji mmoja alipoona ninageuza geuza vioo na kuvichungulia kwenye kona, aliniambia, «Dada, kioo ni kioo tu, mradi unaona barabara.» Nilimheshimu kwa sababu alikuwa mtu mzima, lakini hapo hatukukubaliana.

Sogeeni karibu muione kona hii. Kioo cha Japani kina muhuri mdogo mweupe ambao umechomwa ndani ya uso wake na haubanduki kwa kucha wala kwa wembe. Ndani ya muhuri kuna jina la kiwanda, na kuna neno TEMPERED, maana yake kioo kimeimarishwa kwa joto. Kipya hiki cha China kina alama ya CCC, ambayo ni ya ukaguzi wa lazima wa nchi hiyo, na pembeni yake kuna herufi E ndani ya duara ikifuatwa na 43R. Hiyo 43R ni kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu vioo vya magari, na namba inayoandamana na E ndani ya duara hutaja nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza, na kwa kusadifiana tu, namba ya Japani nayo ni 43. Mkikuta neno LAMINATED kwenye kioo cha mlango, jueni kwamba gari hilo limewekewa vioo vya tabaka mbili hata pembeni, kama ilivyo kwenye baadhi ya magari mapya, na hapo msikubali kubadilishiwa kwa aina nyingine. Akriliki, kama mnavyoona, haina alama yoyote.

Kipo kipimo kingine ambacho hakihitaji kusoma chochote. Vaeni miwani ya jua ya aina ya polaroidi, ile inayopunguza mng'ao, kisha kitazameni kioo kikiwa kimeelekezwa angani wakati anga halina mawingu. Kioo kilichopikwa huonyesha madoadoa hafifu yaliyopangika, kama ngozi ya chui iliyofifia, kwa sababu ile hewa ya baridi iliyopulizwa kiwandani huacha nyayo zake. Vioo vyangu vyote viwili vimeonyesha madoa hayo.

Akriliki nitaimaliza upesi. Nilichukua kitambaa chenye unyevu, nikakipaka vumbi la barabara yetu, nikaipangusa mara kumi kwa mkono mwepesi, na matokeo ni haya mnayoyaona: ukungu wa michirizi ambao taa za gari linalokuja zitaugeuza kuwa pazia jeupe machoni mwa dereva. Kioo, kwa kitambaa hicho hicho, hakikupata hata mstari mmoja. Zaidi ya hayo, plastiki hii hujipinda kwenye jua, inawaka moto, na siku ambayo Mungu apishie mbali mtu amenasa ndani ya gari, waokoaji wanaotegemea kuvunja kioo kwa kitu chenye ncha watakuta ubao unaorudisha pigo. Sitaifunga kwenye gari langu, na nawasihi nanyi msiifunge.

Sasa twende kwenye jambo lililonifanya nirekodi video hii. Nilianza na kioo kipya cha China, nikakifunga kwa fundi wa karibu na nyumbani, na kazi ikaisha kwa dakika 40. Nilipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo ulikuwa ukipiga mluzi kwenye kona ya juu ya nyuma. Kioo kilikuwa kikipanda kwa kusitasita, na kila nilipofunga mlango nilisikia mchakacho kama wa kokoto ndani ya debe. Nilikilaumu kioo. Nilikuwa tayari kuwaambia kwamba vioo vya China havina mpindo sahihi, na ningekuwa nimekisingizia.

Nilikwenda kwa fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi hii miaka mingi, naye hakukigusa kioo kwanza. Alifungua skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio, akaachanisha klipu za jalada la ndani moja baada ya nyingine, akachomoa soketi ya swichi, kisha akanionyesha kwa tochi. Chini kabisa ndani ya mlango kulikuwa na viganja viwili vya chembe za kioo cha zamani. Nyingine zilikuwa zimenasa ndani ya reli ambamo kioo hupanda na kushuka, na moja ilikuwa imejibana chini ya raba kwenye ile kona ya juu, ikiisukuma raba nje kiasi cha unene wa kucha. Huo ndio uliokuwa mluzi wangu. Fundi wa kwanza hakusafisha. Aliingiza kioo kipya juu ya kioo kilichokufa.

Mzee alisafisha kwa mashine ya kufyonza vumbi na kwa brashi nyembamba, akagonga mlango kwa nyundo ya mpira ili zilizojificha zianguke, akafyonza tena. Alinionyesha pia matundu madogo yaliyopo ukingoni chini ya mlango. Maji ya mvua hupenya kila mara pembeni ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na hayo matundu ndiyo njia yake ya kutokea. Chembe zikiyaziba, maji hukaa humo na mlango huanza kuliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayetazama. Ile nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi nyuma ya jalada, ambayo fundi wa kwanza aliichana na kuitupa, kazi yake ni kuzuia maji hayo hayo yasifike kwenye zulia na nyaya. Tulikata nailoni nene mpya na kuibandika upya.

Kuhusu kioo chenyewe, hushikiliwa kwenye mashine inayokipandisha na kukishusha kwa bolti mbili za spana namba 10, na katikati ya chuma na kioo lazima kuwe na vizibo vya mpira au plastiki. Kipya hakikuja navyo, kwa hiyo hamisheni vya zamani au dai vipya, kwa sababu chuma kikikaza moja kwa moja kwenye tundu la kioo kilichopikwa, siku moja kioo kitamwagika bila kuguswa. Mzee aliziacha bolti zikiwa zimelegea, akakipandisha kioo mpaka karibu kifike juu ili kitafute chenyewe mahali pake ndani ya reli, ndipo akakaza. Mwisho alipuliza silikoni kwenye reli. Nilipomuuliza kama grisi isingefaa, alinijibu kwa upole, «Mwanangu, grisi inakula raba na kukusanya mchanga. Ukishaweka grisi, umeweka msasa.»

Mluzi ulikwisha siku hiyo hiyo, kwa kioo kile kile cha China.

Baada ya wiki tatu nilikitoa na kufunga hiki cha Japani, ili nilinganishe kwa haki. Kimekaa vizuri vilevile na kinapanda vizuri vilevile. Kasoro yake ni ya umri: kina mistari miwili ya wima iliyochorwa na mchanga uliokuwa kwenye raba za gari lake la awali, na mmoja kati yake unasikika ukipitisha ukucha. Mistari ya namna hiyo haiondoki kwa kung'arisha, kwa hiyo kabla ya kulipa, kiosheni kioo kilichotumika na kipitisheni ukucha juani. Kagueni pia kama kina namba ya gari iliyochorwa pembeni. Wengi wetu huchora namba kwenye vioo na taa ili kuwakatisha tamaa wezi, na kioo chenye namba ya usajili ya Tanzania isiyokuwa yenu hakikutoka Japani. Kiacheni hapo hapo. Kwa kila ununuzi ombeni risiti ya EFD, yaani ile mashine ya risiti za kodi.

Wenye bima kubwa waulize kwanza kama vioo vimo kwenye mkataba wao. Wenye bima ndogo, kama mimi, hulipa wenyewe.

Kwa hiyo, kwa pesa zangu, ningechagua kipya cha China chenye alama zote kuliko kilichotumika chenye michirizi, na ningechagua kilichotumika kisicho na michirizi kuliko vyote. Tofauti ya shilingi 15,000 kati yao ni ndogo kuliko shilingi 20,000 nilizompa fundi wa kwanza kwa kazi iliyobidi irudiwe. Simameni pale fundi anapofungua mlango, ombeni kuona sehemu ya chini kwa tochi kabla kioo hakijaingia, na asipokuwa na mashine ya kufyonza, nendeni na ya nyumbani. Siku mtakapoosha gari, mwageni maji kwenye kioo kikiwa kimefungwa, kisha fungueni mlango na mchungulie ukingo wake wa chini: maji yanapaswa kuwa yanadondoka kupitia yale matundu.