Hedseti ya simu za kazi nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Watu wengi wakinunua hedseti huijaribu kwa muziki. Besi ikidunda vizuri, wanalipa. Lakini ukiwa unapiga na kupokea simu za kazi kutwa nzima, anayeumia kwa hedseti mbaya ni yule aliye upande wa pili. Yeye ndiye anayesikia maneno yakikatika na mlango ukibamizwa, na ndiye anayelazimika kusema "rudia tafadhali". Kwa hiyo nimezipanga hedseti hizi kwa kuangalia maiki kwanza, halafu masikio yako, halafu mengineyo.

1. Ya waya wa USB, yenye mkono wa maiki

Kwa anayekaa mezani, hii ndiyo ya kununua. Siri yake ni umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka maradufu, sauti yako hupungua kwa takribani desibeli 6, ilhali kelele za chumba hubaki vilevile. Ndiyo maana maiki ya kawaida iliyo karibu na mdomo huishinda maiki ya bei kubwa iliyo sikioni. Iweke pembeni mwa mdomo, upana wa vidole viwili hivi, isiwe mbele kabisa. Pumzi ya herufi "p" na "b" itapita bila kuivuma.

USB nayo ina faida yake: hedseti hubeba saketi yake ya sauti, haitegemei ile ya kompyuta, na haihitaji chaji. Kabla ya kulipa, hakikisha kichwa cha waya kinaingia kwenye tundu ulilonalo, USB-A au USB-C. Tafuta kitufe cha kuzima maiki kinachofikika bila kutazama, au mkono unaozima maiki ukiuinua juu. Uliza pia kama sponji za masikioni zinauzwa peke yake, maana ndizo zinazochakaa mapema.

2. Isiyo na waya ya DECT

Hii ni ya mtu ambaye hawezi kuongea amekaa. DECT ni teknolojia ya simu za mezani zisizo na waya, na ndani ya nyumba huweza kufika makumi ya mita, mbali kuliko Bluetooth ya kawaida. Haigombanii masafa ya redio na Wi-Fi. Nyingi huja na kituo kinachokaa mezani, na baadhi ya vituo hivyo huunganishwa na kompyuta na simu ya mezani kwa pamoja. Bei yake ni kubwa, na usiiagize kutoka bara jingine bila kuuliza: Ulaya hutumia masafa ya MHz 1880 hadi 1900, Marekani MHz 1920 hadi 1930.

3. Ya Bluetooth, yenye mkono wa maiki

Hapa ndipo wanunuzi wengi hujikwaa. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: ya muziki na ya simu. Maiki ikiwashwa tu, hedseti huhamia njia ya simu, ambayo ni nyembamba zaidi. Zile za zamani huchukua sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, na nyingi za sasa 16,000. Hivyo hedseti iliyokuwa ikitoa muziki mtamu hugeuka ghafla kama redio ya zamani, na mwenyewe hudhani imeharibika. Haijaharibika; ndivyo inavyofanya kazi. Chukua inayouzwa pamoja na kiunganishi chake kidogo cha USB, kwa sababu mara nyingi hutulia kuliko Bluetooth ya ndani ya kompyuta. Masafa yake ya GHz 2.4 hutumiwa pia na Wi-Fi na jiko la maikrowevu. Faida yake kubwa ni kwamba nyingi hushika simu ya mkononi na kompyuta kwa wakati mmoja.

4. Ya pini ya milimita 3.5

Ni ya bei nafuu, na kwa simu chache inatosha. Tazama pini: mikanda mitatu myeusi maana yake ina maiki, miwili ni ya kusikiliza tu.

5. Vidude vya masikioni visivyo na waya

Maiki iko mbali na mdomo, na chaji huisha haraka zaidi ukiongea kuliko ukisikiliza. Viwe akiba ya simu fupi.

Kuna jambo moja ambalo maboksi hulichanganya. "Kuzuia kelele" mara nyingi humaanisha kelele zisikufikie wewe. Kuzuia kelele zisimfikie unayeongea naye ni kazi ya maiki, kwa hiyo soma kilichoandikwa kuhusu maiki hasa. Kuhusu sikio moja au mawili: chumba chenye kelele kinataka mawili, ukihitaji kusikia mtoto au mlango, moja. Ukichagua mawili, tafuta yenye uwezo wa kukurudishia sauti yako kidogo sikioni, la sivyo utajikuta unapaza sauti bila kujua na koo litachoka kabla ya jioni.

Ukishanunua, ijaribu kabla muda wa kurudisha haujapita. Jirekodi palepale unapofanyia kazi, feni ikiwa inazunguka na dirisha likiwa wazi, kwa programu ileile ya simu za kazi. Soma namba ndefu na majina ya watu, kisha mpelekee mwenzako rekodi hiyo aviandike alivyosikia. Akikosea mara mbili tatu, irudishe.