Atelie ya ushonaji ya Katuba: miezi 6 ya mdogo wangu

Mdogo wangu alipomaliza mtihani wa serikali, alikaa nyumbani miezi 3 tukitafuta fedha za chuo kikuu, na hazikupatikana. Ndipo nilipomwandikisha katika atelie moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, inayopokea wasichana waliotoka sekondari; silitaji jina lake kwa kuwa nina malalamiko pia.

Ushonaji wenyewe unafundishwa vizuri, ingawa si kuliko kwingine. Kilichonifanya niandike ni daftari. Kuanzia wiki ya pili kila msichana ana daftari la hesabu, na hakuna nguo inayotoka kabla gharama yake haijaandikwa: kitenge, uzi, zipu, nauli ya kwenda soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), makaa ya pasi, na saa alizokaa kwenye mashini. Mstari huo wa mwisho ndio mafundi wengi wa mtaani kwetu huusahau, kisha wakashangaa kwamba wanashona usiku na mchana na mfuko ni mtupu. Mdogo wangu alimtajia shangazi yetu bei ya gauni bila kuinamisha macho. Shangazi hakupendezwa, lakini alilipa.

Mara moja kwa wiki wanasoma pia sheria ya familia. Kanuni ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kuingia mkataba unaomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe; marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa idhini hiyo, na sasa ni mume na mke kusikilizana. Mwalimu hulieleza hilo kwa mifano ya pango la kibanda na zamu ya likelemba (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu), na naona hata kaka zao wangefaa kuketi wasikilize.

Mashini, hata hivyo, ni 5 kwa wasichana 14, na 3 kati yake ni za umeme, hivyo umeme ukikatika wote hugombania zile 2 za kukanyaga. Zamu ya mchana huisha giza likiingia, saa isiyomfaa msichana anayerudi peke yake. Ada ya dola 15 kwa mwezi ni ya haki, ila katikati ya mafunzo tuliongezewa fedha za vifaa bila kuarifiwa, na stakabadhi niliipata baada ya kuifuata mara 3.

Binamu yetu anamaliza shule mwaka huu. Nitampeleka hapohapo, kwa zamu ya asubuhi, na sitatoa dola hata moja kabla stakabadhi haijaandikwa.