Koleo kwanza, kichocheo baadaye: uzoefu wangu na vifaa vya meko ya ukutani

Nyumba za zamani za misheni na za mashamba ya chai huku Njombe na Mufindi zina meko ya ukutani yenye dohani, na kuanzia Juni hadi Agosti hakuna anayeyaita pambo. Nimetumia seti ya dukani, ile ya vipande vinne vinavyoning'inia kwenye stendi (koleo la kubania magogo, kichocheo cha kuchokolea moto, beleshi na brashi), na nimetumia vifaa vya kuagiza kwa fundi wa kuchomelea kwa vipimo vyangu. Kama unawasha kuni kila jioni, nenda kwa fundi. Kitu kimoja tu ndicho ningenunua dukani, nitakitaja huko mbele.

Seti za dukani nyingi zinang'aa kama shaba lakini si shaba. Weka sumaku: ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa. Mpako wenyewe si kosa kubwa, kosa liko kwenye mikono. Ni bomba tupu ndani, na kishikio kimefungwa kwa skrubu. Joto likipanda na kushuka kila siku uzi unalegea, na koleo linajizungusha mkononi wakati limebeba gogo lenye moto. Stendi nayo ni nyepesi mno, ukichomoa kichocheo vingine vyote vinaanguka sakafuni. Brashi ni ya nailoni. Ikigusa kaa moja tu inayeyuka na kushikana bonge.

Watu wengi huanza kununua kichocheo. Mimi nasema anza na koleo, maana moto wa kuni hautaki kuchokonolewa, unataka magogo yasogezwe: lililoegemea vibaya ligeuzwe, lililoungua katikati vipande vyake vikutanishwe. Yapo ya aina mbili. La kipande kimoja kilichokunjwa linarudi lenyewe kwa nguvu ya springi, ni rahisi kutumia, lakini likitengenezwa kwa chuma laini cha kawaida linakosa nguvu upesi na kubaki limejifunga. Mwambie fundi atumie chuma cha springi bapa za gari. Aina ya pili ni ya mkasi, na ndiyo ninayoipenda. Urefu sm 70, mikono ya nondo ya mm 12, midomo ipanuke hadi kushika gogo la unene wa sm 15. Kiungo kiwe cha ribiti yenye washa pande zote mbili. Bolti na nati hulegea, na ukizikaza sana koleo halifunguki kwa mkono mmoja. Lijaribu pale pale karakanani: nyanyua tofali la kuchoma, ligeuze juu chini, kisha okota nati ndogo sakafuni. Likishindwa tofali, kiungo ni kibovu. Likishindwa nati, midomo haikutani, na kila kaa litakaloruka kwenye sakafu ya mbao utalifukuza kwa mguu.

Kichocheo ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa sm 75 ina uzito wa takriban gramu 670, inatosha. Ya mm 16 inapita kilo moja na inachosha mkono. Muhimu ni ndoano, iwe sm 4 nyuma ya ncha, kwa sababu kazi kubwa ya kichocheo ni kuvuta gogo kuja mbele. Mpini wa mbao unapendeza, lakini mwisho wa nondo uliokunjwa kama pete hauungui wala hauchomoki.

Beleshi la majivu liwe la bati la mm 2, upana sm 13, na kingo zilizoinuliwa sm 3. Bati la mm 1 hujipinda, kisha halikai bapa sakafuni na majivu yanapita chini yake. Brashi ya katani au ya makumbi ya nazi inatosha, ila ni ya majivu yaliyopoa tu.

Chanja ya kuwekea kuni? Kwa mkaa huwezi kuikwepa, maana hewa lazima itoke chini. (Ukitumia mkaa kumbuka kwamba hauna moshi lakini una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Usifunge mlango wa dohani mpaka makaa yazimike kabisa.) Kwa kuni, vyuma viwili vizito vya kuegemezea magogo vinatosha, juu ya majivu yenye kina cha sm 3 hadi 5 ambayo unayaacha makusudi ili yatunze makaa. Chanja za nondo ya mm 10 zinabonyea katikati kwa sababu makaa yanakaa chini yake na kukilainisha chuma. Ukiagiza, taka mm 16 na miguu isiyozidi sm 8. Ikiwa juu zaidi kuni zinateketea haraka, na moto ukisogea karibu na mdomo wa meko moshi unarudi chumbani.

Kitu cha kununua dukani ni pazia la kuzuia cheche. Mafundi wengi hutumia wavu wa mabati wa kuku, ambao matundu yake ni makubwa mno, na zinki yake ikipata joto kali hutoa moshi unaodhuru. Tafuta wavu wa chuma mweusi wenye matundu yasiyozidi mm 6. Ukichoma misindano au mikrismasi usiwashe bila pazia, utomvu wake hupasuka na kurusha cheche mbali. Miwati, ile iliyopandwa Njombe kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, inatulia zaidi na makaa yake yanadumu, mradi iwe imepasuliwa na kukaushwa miezi 6 au zaidi. Kuni mbichi hujaza lami kwenye dohani, na hiyo lami ndiyo inayowaka siku moja.

Ndoo ya majivu ni ya chuma, yenye mfuniko na kitako kilichoinuliwa. Ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi haifai hata kama majivu yanaonekana ya baridi: kaa lililofunikwa linaweza kubaki hai siku mbili au tatu. Iweke nje, mbali na ukuta na kuni. Majivu yakipoa yanafaa kwenye kabichi, lakini usiyamwage kwenye viazi mviringo, yanapunguza tindikali ya udongo na kuleta upele kwenye ganda.

Mvukuto wa ngozi ni mzuri, ila ukitundikwa karibu na moto ngozi hukauka na kupasuka penye mikunjo. Bomba la chuma lisilopakwa zinki, la nusu inchi, urefu sm 90, lililobanwa ncha, ukilipuliza kwa mdomo linafanya kazi ile ile.

Mwisho, mkataze fundi asipake rangi ya mafuta wala oili chafu. Zote mbili zinanuka na kutoa moshi kila chuma kinapopata moto. Pasha kifaa kidogo, kisugue kwa nta ya nyuki, kifute kwa kitambaa kikavu. Rudia mvua zinapoanza Novemba, kabla kutu haijaingia kwenye ribiti ya koleo.