TAHADHARI: Fundi wa Grogan mwenye mashine ya kusoma gari ameniuzia kompyuta ya gari yangu mwenyewe

Mwenye ana gari na huwa anateremka Grogan hapa Nairobi kutafuta spea au fundi, simama hapo kidogo usome hii kwanza. Kuna jamaa ako pale upande wa chini, hana gereji, anakaa tu mbele ya maduka ya watu na mashine ya kusoma gari imening'inia shingoni kama kitambulisho cha kazi. Huyo mtu amenila 28,000. Hakunivizia usiku wala hakunishikia kisu, nilimtumia mwenyewe kwa simu yangu mchana kweupe nikimshukuru. Nimekaa na hii kitu wiki mbili nikiona aibu, hata nyumbani sikuwa nimesema, lakini juzi nikaskia kuna dada mwingine amefanyiwa vilevile na mtu wa sura hiyohiyo, basi aibu nimeiweka kando.

Gari ni Toyota Fielder aliyotuachia marehemu baba. Huwa siachii fundi nisiyemjua, lakini fundi wetu hatuko naye tena, kwa hivyo sikuwa na mtu. Na baridi hii ya Julai natoka saa kumi na mbili asubuhi, nageuza ufunguo, injini hata haijawaka, ni taa za dashibodi tu, na feni ya rejeta imeshaanza, vuuuu, haikomi. Nafika tao inazunguka, naegesha inazunguka, mpaka nitoe ufunguo. Taa ya injini nayo imewaka ile rangi yake ya njano na petroli inaisha mbio. Nikaogopa itaniungulia barabarani na watoto ndani.

Sasa wacha niwaambie venye alinipata, kwa sababu kila mtu ananiuliza ulimwamini aje mtu wa barabarani.

Siku ya kwanza hakuchukua pesa. Nilikuwa nimeingia duka moja kuuliza bei ya feni, na yeye ndiye alinifuata nje akaniambia, mathe usinunue feni, hao watakuuzia feni na feni yako ni nzima. Akafungua boneti, akafungua kile kisanduku cha fyuzi, akang'oa rilei ya feni, ile swichi inayoipa umeme. Ikanyamaza. Akairudisha, ikazunguka. Akasema unaona, feni inatii, shida ni mwenye anaiamrisha. Mimi hapo nikaona huyu ni mtu anajua kazi na hataki pesa ya bure, maana angekuwa mwizi si angeniuzia hiyo feni? Nikampea 200 akatafute fyuzi moja akasema imelegea, akarudi na fyuzi ya 50 na 150 yangu mkononi. Hiyo 150 ndiyo iliniua. Nilienda nyumbani nikisema kumbe bado kuna vijana waaminifu huku.

Jumatano nikarudi. Akachomeka waya wa mashine yake pale chini ya usukani, akangoja, akanigeuzia kioo, "Mathe, soma mwenyewe." Nikasoma P0118, ile namba ya hitilafu. Nikapiga picha hata, iko kwa simu mpaka leo. Akabonyeza tena akafika pahali panaonyesha joto la maji ya injini, pameandikwa -40. Hakusema kitu. Aliniacha niangalie ile namba mpaka ikanikaa kichwani, halafu akaniuliza polepole kama mwalimu, "Mathe, Nairobi umewahi kuona baridi ya mainasi arobaini?" Nikasema hapana. "Basi kompyuta ya gari imechanganyikiwa. Inaona barafu mahali hakuna barafu."

Wewe ungesema nini hapo? Namba naiona kwa macho yangu, na ni kweli Nairobi haina baridi kama hiyo. Akaniambia nizunguke mwenyewe niulize bei ya kompyuta ya Fielder iliyotoka Japani, asije akasemekana ananiuzia ghali. Nikauliza maduka mawili. La kwanza 25,000, la pili 26,000. Yeye akasema kwa mtu wake ni 22,000. Kuiprogramu 4,500. Rilei nayo imechoka, 1,500. Nikaona hata nimeokoa pesa.

Halafu akaniambia twende chai, kijana wake anafungua. Jamani, alininunulia chai na mandazi! Tulikaa kwa kibanda saa moja unusu, gari iko nyuma ya lori, hatua kama ishirini lakini siioni. Ananieleza habari za mamake mgonjwa kule mashambani. Akaniuliza habari za baba, nikamweleza yote, na ile gari ina maana gani kwetu. Akatikisa kichwa akasema hiyo gari ni ya kutunzwa. Hapo ndipo huwa nashikwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, kwa sababu alikuwa anajua kijana wake anafanya nini kwa gari ya marehemu dakika hiyohiyo.

Tukarudi, nikageuza ufunguo, kimya. Taa ya njano imezima. Nikamwambia Mungu akubariki. Nikatuma kwa M-Pesa, jina likatokea la mwanamke, nikamuuliza, akasema ni bibi yake, yeye laini yake iko na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa itakatwa. Sote tunajua Fuliza, nikaelewa haraka sana. Nikauliza kompyuta ya zamani iko wapi, akasema inarudishwa dukani ndiyo maana bei imeshuka. Sawa. Risiti ataniletea. Sawa.

Jumamosi niko Outering Road, foleni, vuuuu. Nikapiga simu, mteja hapatikani. Jumatatu nikaenda pale, wenye maduka wananiangalia kama mtu amepotea njia, "huyo hakai hapa." Hakai hapa na alikuwa amekalia kiti chako juzi?

Shemeji ndiye alinipeleka kwa mzee mmoja Kariobangi Light. Huyo mzee hakugusa mashine kwanza. Alipitisha vidole kwa waya polepole kama mtu anapima mapigo, akafika kwa sensa ya joto la maji, akasimama. Waya zote hapo ni kijivu kwa vumbi na mafuta, lakini pahali pamoja kuna tepu nyeusi inang'aa, ya juzi. Akavuta kidogo tu na waya ukatoka mkononi mwake. Ulikuwa umekatika zamani karibu na soketi, pengine ni panya au ni uzee tu, na mtu akaja akausokota na kuufunga tepu ili ushike siku mbili tatu. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa "kuprogramu".

Akapima sensa yenyewe na mita, ikiwa baridi ikasoma ohm elfu mbili na kitu, akawasha gari mpaka ikapata joto, akapima tena, mia tatu na kitu. Akasema sensa ni nzima, ndivyo inafaa, ikipata joto namba inashuka. Na ile -40 si kompyuta kuchanganyikiwa, ni kwamba waya ukikatika kompyuta haipati kitu kutoka kwa sensa na inasoma baridi ya mwisho kabisa inayoweza kusoma. Na kwa vile haijui joto ni ngapi, inawasha feni iache izunguke, heri feni ichoke kuliko injini iungue. Yaani kompyuta ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa! Na P0118 maana yake ni hiyohiyo, shida ni kwa laini ya sensa ya joto la maji. Jibu lilikuwa kwa simu yangu tangu Jumatano na hakuna mtu alinikataza kulitafuta.

Nikamwambia lakini mzee, kompyuta ni nyingine, nimebadilisha wiki iliyopita. Akasema hebu tuione. Akafungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, akaingiza mkono nyuma, akaitoa nusu.

Mnajua baba alivyokuwa. Watu wote Nairobi wanachora namba ya gari kwa saidi mira na taa zisiibiwe, yeye alichora kila kitu, betri, jeki, redio, mpaka vitu viko ndani hakuna mtu angeviona. Pale kwa ile bati ya kompyuta palikuwa na herufi zake mbili na 2016, zimekwaruzwa na msumari, na ile 6 yake ya mkia mrefu. Nilinunua kwa 22,000 kitu baba alishaandika jina lake. Nililia pale Kariobangi mbele ya vijana wa watu na sijali. Hata ile rilei ni yetu, imepanguswa tu.

Mzee aliweka soketi mpya 400, kazi 600. Elfu moja. Feni sasa inakaa kimya, inakuja injini ikipata joto, inazima, au nikiwasha AC, na hiyo ameniambia ni kawaida.

Kituo cha polisi nimeandikisha, namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, ninayo. Nimeambiwa hii inaitwa kupata mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha sheria ya jinai, na ni miaka mitatu ndani. Ifike hiyo mitatu! Simtakii kipigo cha barabarani, tunajua mkono wa watu hapa ukianza hauachi mtu hai, nataka asimame kortini niulizwe na yeye aulizwe. Pia kuna ile korti ya madai madogo pale Milimani, inachukua kesi mpaka ya milioni moja, nitaenda na huko. Na hao wenye maduka wanaompea kiti na kusema hawamjui, na wao waitwe, kwa sababu hiyo biashara haiwezi kufanyika bila wao kufunga macho. Kijana anakula pesa ya wajane na watoto wa marehemu na watu wanamuuzia soda!

Mniulize dalili, ni zile nimesema hapo juu, pesa kwenda kwa jina lingine, kunyimwa spea ya zamani, kutolewa kwa gari eti chai. Usitoke kwa gari. Na ukipewa namba na mashine itafute kwa simu hapohapo kabla hujatoa hata shilingi, na uambie fundi aanze na waya na sensa, kompyuta iwe ya mwisho kabisa. Ukiwasha gari ikiwa baridi na feni inaanza papo hapo na AC imezimwa, jua pengine ni waya tu.

Ni mrefu, mweusi, huvaa ovaroli ya bluu yenye mfuko umeraruka kulia, na anaita kila mwanamke mathe. Jumatatu saa tatu nashuka Grogan na shemeji na ile OB. Dada yule mwingine, kama unasoma, na yeyote alimwachia gari mwaka huu, niandikie kando twende pamoja, na mkague kompyuta zenu kabla ya hapo.