Gongo la kutembelea la aluminiamu: uzoefu wangu wa mwaka mmoja Mbeya

Nina selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya seli za damu zipinde kama mundu, na nyonga yangu ya kushoto imeharibika. Mwanzoni nilidhani ni goti, maana huko ndiko kulikouma. Eksirei ya kwanza ilitoka safi, nikaonekana nadeka. Ni MRI, miezi kadhaa baadaye, iliyoonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kufa kwa kukosa damu, seli zikiwa zimeziba vimishipa vyake. Nikaambiwa nyonga hiyo niipunguzie mzigo.

Gongo nilinunua Mwanjelwa, Sh35,000, moja tu, lile lenye bangili ya plastiki inayoshika mkono chini ya kiwiko. Muuzaji akasema, "Dada, shikia upande wenye shida." Nikatembea hivyo wiki tatu, nyonga inauma vilevile, bega nalo likaanza yake. Mtaalamu wa viungo aliponiona kwenye korido alicheka, akanihamishia mkono wa kulia. Ukiinua mguu usio na shida, misuli ya nyonga mbovu ndiyo inayozuia kiwiliwili kisiinamie upande. Gongo likiwa mkono wa pili, linaipokea sehemu ya kazi hiyo. Nafuu niliisikia kabla sijafika getini. Akashusha na urefu, kishikio kikawa sawa na kifundo cha mkono nikisimama na viatu vyangu vya kila siku.

Baridi ndiyo lawama yangu kubwa. Uyole mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ukilishika hilo bomba unashika barafu, na kwetu wenye selimundu baridi si kero tu, inaamsha maumivu. Mama alichukua soksi ya sufu, akakata ncha, akaivisha kwenye kishikio na kuishona kwa uzi mwekundu. Imekuwa nyeusi sasa lakini siitoi.

Halafu ule mpira wa chini. Kwa milima yetu uliliwa upande mmoja ndani ya miezi minne, nikaja kugundua nimeshateleza kwenye vigae vya duka la dawa. Fundi viatu wa Kabwe amenichongea mwingine kwa tairi kuukuu. Ni mzito kidogo, ila unashika hata kwenye tope.

Ningenunua tena? Ndiyo, lakini na soksi yake. Makonda wa daladala wananiuliza kila siku nilianguka lini na bodaboda. Siku hizi najibu, "Jumanne."