Mfuko wa dawa wa kupanda milima ya Rwenzori: wa dukani au wa kujipangia?

Mfuko wa dukani ni mwepesi na haukusumbui kichwa. Lakini ufungue: plasta ndogondogo, bandeji nyembamba, mkasi usiokata hata uzi. Kwenye matope ya Bigo, kinamasi cha njiani, miguu ikishinda ndani ya gambuti zilizolowa, plasta hizo hubanduka kabla ya mchana.

Mimi hujipangia. Inachukua jioni nzima, ila kisigino kikianza kuwaka moto nina plasta pana ya rola, naibandika kabla lengelenge halijatoka. Naongeza bandeji ya kubana kifundo, glavu, na ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Soma pakiti, nyingine ni ya nusu lita ya maji, nyingine lita 1.

Ugonjwa wa mwinuko humpata mwenye mfuko wowote kati ya hii miwili: Margherita, kilele cha juu kabisa, ni mita 5,109, na hali ikizidi tiba ni kushuka.