Uzoefu wangu na tiba ya homiopathi hapa Malindi: nyota mbili kati ya tano

Nilimpeleka mama kwa mtaalamu mmoja wa homiopathi kwa ajili ya magoti. Nyota zote mbili ni za namna alivyompokea. Alikaa naye karibu saa nzima, akamuuliza maumivu yanazidi wakati gani, analala vipi, anaota nini, moyo wake u vipi tangu baba afariki. Hospitalini, kwenye foleni ile, hakuna aliyewahi kumuuliza hayo. Mama alitoka pale uso umekunjuka.

Kisha akapewa chupa ya vidonge vidogo vitamu, shilingi 2,500, na sharti la kuacha kahawa. Chupa imeandikwa Rhus tox 30C. Rhus tox ni mmea wa Amerika Kaskazini unaowasha ngozi kama upupu. Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyeitangaza tiba hii mwaka 1796, aliamini kwamba kinachomletea mtu mwenye afya dalili fulani humponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo. Na hiyo 30C? Tone moja la dawa hutiwa kwenye matone 99 ya maji au spiriti, likatikiswa, kisha tone la mchanganyiko huo kwenye matone 99 mengine, hivyo hivyo mara 30. Kufika mara ya 13, ni bahati kubaki hata chembe moja ya mmea. Mama alikuwa akimumunya sukari.

Nafuu alipata, sikatai. Lakini tulikwenda kusi imeshika, mvua na baridi, na magoti yake kila mwaka hutulia kaskazi ikiingia. Juu ya hayo alisikilizwa, akaamini. Imani yenyewe hutuliza maumivu, wataalamu huiita plasebo, ndiyo maana dawa hupimwa kwa kulinganishwa na kidonge kitupu, mgonjwa asijue kapewa kipi. Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilizipitia tafiti hizo, na mwaka 2015 likasema hakuna ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu.

Kwa goti peke yake nisingeandika. Lakini tukiaga, yule mtaalamu akaniuliza kama nataka na matone ya kuwakinga watoto na malaria. Malaria! Hapa kwetu, ambako mtoto huamka na homa asubuhi na usiku akashikwa na degedege! Nilikataa palepale, na hasira haijanitoka. Shirika la Afya Duniani lilishaonya tangu mwaka 2009 kwamba homiopathi isitegemewe kwa malaria, kifua kikuu wala ukimwi.

Kama umeshayanunua matone hayo, tafadhali chandarua chenye dawa kisitoke kitandani, na homa ikiingia mpeleke mtoto akapimwe damu siku hiyo hiyo.